Pete za Mguu Chini ya Gari la Harusi

Sitakuapia. Waongo ndio wanaopenda kuapa. Nitakwambia hivi tu: shuka Keroka siku yoyote, uliza gereji yangu, na watoto watakusindikiza mpaka mlangoni ingawa wao wenyewe hawataingia. Nyuma ya gereji, chini ya mabati, kuna gari jeusi la zamani. Litazame upande wa nyuma. Limeinama, si ndiyo? Kama gari lililopakiwa magunia ya mahindi. Sasa fungua mlango. Ndani hamna kitu. Lete jeki, inua, toa springi hizo, weka nyingine mpya za dukani, teremsha gari lisimame sawa. Nenda zako ukalale. Asubuhi rudi uniambie ni nani mwongo.

Mimi nimefanya hivyo mpaka nikachoka.

Watu wa hapa wanasema nililaaniwa kwa sababu ya kiburi. Wacha waseme. Wale wale ndio wanaokuja kwangu kusaga mahindi yao, kwa maana kinu ni changu, na lori linalobeba ndizi zao kwenda Kisumu ni langu pia. Niliacha shule darasa la tatu, baba alipofariki, na sikurudi tena. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna kanisa lililonipa barua. Lakini kinu na lori si kazi niliyoitaka. Kazi niliyoitaka iko pale chini ya mabati, imeinama.

Nilijifunza magari kwa mzungu mmoja upande wa Sotik. Nilianza kwa kufunga ndama, nikapandishwa kuosha gari, nikaishia kulifungua na kulifunga. Uhuru ulipokuja yule mzungu akauza shamba akaenda kwao. Siku ya mnada kila mtu alikimbilia ng'ombe wa maziwa, masufuria, vitanda vya chuma. Mimi nilikimbilia zizini. Humo ndani mlikuwa na gari la baba yake yule mzungu, la tangu kabla ya vita, lenye taa kubwa kama macho ya bundi na ngazi pembeni ya kupandia. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mende walikuwa wamekula nyaya. Nikasema, hili ni langu.

Nililivuta kwa maksai mpaka Keroka. Unajua nilivyochekwa? Watu waliacha kuuza sokoni wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza, akiniita baba kwa lugha yetu, "Tata, hao maksai wanalipeleka hospitali au makaburini?" Nikamjibu, "Wanalipeleka mahali ambapo wewe utakuja kulipigia magoti." Nilikuwa kijana, lakini nilijua ninachofanya.

Nilichoona ni hiki. Magari mapya yalikuwa yanaingia nchini kila siku, na yote yanafanana. Mtu mkubwa hataki kitu kinachofanana na cha jirani. Nikachukua gari lililokufa, nikalifungua mpaka nati ya mwisho, nikasafisha, nikanyoosha, nikafua kila kilichopotea, ili lirudi vile lilivyotoka kiwandani siku ya kwanza. Harusi moja tu ya mtu mwenye jina, na kila mwenye jina atalitaka. Nitajie Mwafrika mwingine pande hizi zetu, Kisii au Nyamira, aliyekuwa anafanya kazi hiyo wakati ule. Huna. Leo nikienda Kisii mjini naona vijana wanakodisha magari ya harusi yenye maua mbele, na wananipita bila salamu. Wanadhani waliobuni ni wao.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja, Odero, fundi wa rangi kutoka kando ya ziwa. Huyo alikuwa anapaka rangi mpaka unajiona meno kwenye mlango. Mdomo wake haukuwa na breki. Tulipokuwa tunakwangua kutu alikuwa akiniita ndugu kwa Kijaluo, akisema, "Omera, hili gari lilishazikwa. Mimi na wewe tunafukua kaburi la watu." Nami namwambia, "Fukua, acha kelele." Tulicheka sana siku zile. Boneti tuliinyoosha kwa nyundo ya mbao. Viti tulivishona kwa ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa Nyansiongo. Injini niliifunga peke yangu, na siku ilipowaka Odero aliivulia kofia.

Ndipo akaja Onsare.

Onsare alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa chai upande wa Nyamache, mtu wa kanisa, tumbo mbele, fimbo mkononi. Alizunguka gari lote. Nilijua zamani alikuwa na mke, kisha hakuwa naye tena, na habari za nyumba ya mtu mimi siulizi. Akaniambia, "Ninaoa. Mwalimu, binti wa Nyacheki. Nataka aletwe kanisani ndani ya hili. Likimfikisha vizuri, nalinunua, na wenzangu wote nitawaleta kwako."

Unaelewa maana ya neno hilo? Kule Sotik kulikuwa na magari mengine mawili yameoza katika mabanda, na nilikuwa nimekwisha kuongea na wenyewe. Onsare akisema neno moja kwa wenzake, gereji yangu imesimama imara. Asiposema, mimi ni yule yule mwendawazimu wa maksai. Kazi yangu yote ilikuwa juu ya safari hiyo moja.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Springi za nyuma. Ni vile vyuma virefu vyembamba vinavyolaliana chini ya gari, ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Vinashikwa pamoja na vibanio vya chuma ili visitawanyike. Vibanio vyangu vilikuwa vimeliwa na mkojo wa ng'ombe kule zizini, na chuma cha dukani nilichojaribu kilikuwa laini, kinafunguka. Nikamweleza Onsare. Akasema, "Chuma kipo kwangu nyuma ya jiko, uchafu mtupu. Nitakuletea."

Akaleta kikapu. Ndani kulikuwa na jembe lililovunjika, na pete za mguu. Ebitinge.

Kama wewe si mtu wa kwetu nikueleze. Zamani mwanamke akiolewa kwa ng'ombe alikuwa anavalishwa pete za chuma kwenye vifundo vya miguu. Akitembea unamsikia kabla ya kumwona, na unajua huyo anayekuja ana kwake. Hazivuliwi ovyo. Zinakaa hapo maadamu mume yuko hai, na mume akifa ndipo anazivua. Lakini sasa dini ilikuwa imeingia. Akina mama wengi walizivua siku ya ubatizo wakazitupa, hata ukichimba shimo la takataka ulikuwa unaziokota. Kwa hiyo niamini, hakuna mtu wa Keroka ambaye angeshtuka.

Hata hivyo niliuliza. Sikiliza hapo vizuri, kwa maana watu hulisahau hilo. Nilimuuliza, "Mzee, hizi ni za nani?"

"Za marehemu mama yangu. Alizivua alipookoka."

Odero aliokota moja akaigeuza. Ilikuwa na alama, kama imepigwa. "Omera, mama wa mtu akivua kitu kwa hiari yake, mbona kimekatwa?"

"Ni chuma," nikamwambia. "Vuta moto."

Kilikuwa chuma kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufua, chuma cha wahunzi wetu wa zamani. Kilishika springi kama mkono wa mtu.

Siku ya harusi niliondoka Keroka kumepambazuka tu. Odero alibaki kufungia mlango wa gereji maua. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa kwetu unaolala kwenye majani ya chai kama blanketi, na gari lilikuwa linateleza barabarani kama siagi. Nilikuwa ninaimba. Nilipita Nyamache, nikashika njia ya Nyacheki kumchukua bibi harusi.

Karibu na kufika, penye kona ya migomba, nikamwona mama amesimama kando ya barabara. Amejifunga kitambaa kichwani, peku, hana mzigo. Aliinua mkono kama mtu aliyeahidiwa gari na limechelewa.

Nikasimama. Ungefanyaje wewe? Mtu mzima, asubuhi na baridi, nami naenda kwenye sherehe. Nilidhani ni shangazi wa upande wa bibi harusi.

"Bwakire, tata," akanisalimu.

"Bwakire buya, mama. Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa Onsare."

Nikacheka. "Basi umepata gari lenyewe. Ingia. Ila napita kwanza kwa bibi harusi."

Alipoinua mguu kupanda ile ngazi, niliona kifundo chake. Kulikuwa na duara la ngozi nyeupe, nyororo, kama ngozi iliyofungwa bendeji muda mrefu bila kuona jua. Mguu wa pili vile vile. Akaketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na gari likainama. Mama mwembamba vile, nakwambia, na gari likashuka mpaka nikasikia matairi yanagusa madigadi.

Nikaondoka. Hapo ndipo nikasikia. Kling, kling. Kling, kling. Chini yangu, taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Lakini aliyekuwa nami ameketi. Nilimtazama kwenye kioo, mikono mapajani, anatazama mbele.

"Mama, miguu yako imefanya nini?" Mimi si mwoga, ndiyo maana niliuliza. Mwingine angeruka nje.

"Nilivuliwa," akasema.

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na safari, "Tata, tumefika?"

"Bado, mama."

Nilipoingia uani kwa bibi harusi, wanawake walikuwa wanaimba. Nilishuka haraka nikafungua mlango wa nyuma ili mama yule atoke, wenyewe waingie. Hakuna mtu. Kiti kitupu. Lakini ile ngozi upande wa kushoto ilikuwa imebonyea, na nilipoigusa ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ungesema nini mbele ya watu wale? Ungesema, samahani, harusi isimame? Kazi yangu yote! Nikafuta kiti kwa leso.

Bibi harusi alikuwa anaitwa Moraa. Alitoka na gauni lake jeupe, msichana mpole, mwenye masomo. Akapanda nyuma, na mke wa kaka yake akakaa mbele nami kwa sababu gauni lilikuwa kubwa. Tukaondoka. Mke wa kaka aliongea njia nzima, mara keki, mara viatu vinambana. Mimi sikusikia neno. Nilikuwa ninasikia kling, kling, na kwenye kioo nilimwona Moraa amegeuza uso upande wa kushoto. Amekunja gauni lake ili asimkalie mtu. Midomo yake inacheza polepole. Kisha ananyamaza, anasikiliza. Kisha anaitikia kwa kichwa, kama mtoto anayeambiwa jambo na mkubwa.

"Moraa, unaomba?" mke wa kaka akamuuliza.

"Hapana," akasema. "Ninaulizia njia."

Kanisani Nyamache watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Gari liling'aa, we! Nilisikia mtu akisema, hilo ni la kutoka Ulaya. Onsare akaja mwenyewe, suti nyeusi, akafungua mlango. Moraa hakumpa mkono. Aliteremka peke yake, akasimama, na akasema kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia:

"Kerubo ni nani?"

Onsare akacheka kidogo. "Jina hilo umelitoa wapi?"

"Kwa mwenyewe. Yuko ndani ya gari. Anasema ulimlaza chini ukamvua pete kwa tindo, ukamrudisha kwa kaka zake usiku wa mvua. Anasema alipokufa ulikataa kwenda kumchukua."

Unajua uso wa mtu aliyekamatwa? Ulikuwa kama jivu. Wanawake wazee walianza kunong'ona, maana wao walikuwa wanajua. Wote walikuwa wanajua! Wamekunywa chai yake, wamenyamaza. Mmoja wao, mwembamba, mkali, akapaza sauti: "Onsare, mpishe mwenye nyumba ashuke!"

Onsare akanigeukia mimi. "Wewe! Umeleta mashetani kwenye gari lako!"

"Mimi?" nikasema. "Chuma ulileta wewe mwenyewe kwa kikapu. Nilikuuliza. Ukasema ni za mama yako."

"Za mama yake?" yule bibi mwembamba akadakia. "Mama yake alizikwa nazo miguuni, mimi nilikuwapo!"

Moraa hakungoja zaidi. Alivua viatu, akashika gauni lake kwa mikono miwili, akashika njia ya kurudi Nyacheki kwa miguu. Mke wa kaka nyuma yake analia. Nilimwambia apande nimrudishe. Akanitazama kwa huruma, ni yeye peke yake aliyenitazama hivyo siku ile, akasema, "Fundi, gari lako lina mtu."

Nikajaribu kuondoka. Gari likawaka vizuri, lakini halikukubali barabara ya Keroka. Nikigeuza huko, injini inazima. Nikigeuza kuelekea kwa Onsare, linakwenda. Ikawa hivyo mpaka kwenye lango lake. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, naye ameshafika mbele yangu, amesimama ndani na vijana wenye mapanga.

"Tata, tumefika?" nikasikia nyuma yangu.

Hata sikugeuka. Nilimwambia, "Tumefika, mama, lakini hawafungui."

Nilisikia pumzi, ile ya mtu anayeketi tena baada ya kuinuka nusu. Baada ya hapo gari lilikubali kurudi.

Usidhani niliacha mambo hapo. Nilifungua vile vibanio nikavipeleka kwa kaka zake Kerubo. Walikuwa watu wazima, wastaarabu. Walinipa kiti, lakini pete hawakuzigusa. Mkubwa wao akasema, "Tulipokea ng'ombe kwa ajili yake, na hatujawahi kudaiwa tuwarudishe. Kwa hiyo yeye ni mke wa watu. Hizo mpelekee mwenye ng'ombe." Akanionyesha alipozikwa Kerubo, nje ya ua, kando ya migomba, kama msichana ambaye hakuolewa. Ilikuwa ni ile kona. Nilisimama hapo nikaona kabisa mahali nilipopiga breki.

Onsare naye hakuzitaka. Alichofanya ni kuzunguka kila soko, Nyamache, Nyamarambe, hadi Keroka kwetu, akisema magari yangu yamefufuliwa kwa uchawi. Watu walimwamini yeye, mwenyekiti. Wenye magari ya Sotik walivunja maneno yao. Odero alifunga brashi zake. "Omera," akasema, na safari hii hakutania, "mimi narudi ziwani kupaka mitumbwi rangi. Mtumbwi hauna kiti cha nyuma." Fundi yule sijapata mwingine. Huyo bibi mwembamba aliyepaza sauti kanisani? Msimu uliofuata chai yake ilikataliwa kwenye mizani, ikasemwa ni majani mazee. Na Onsare alioa mwingine, kimya kimya, na watu wakaenda kula.

Miaka ikapita, nikanunua kinu, nikanunua lori. Halafu siku moja nikasikia kilio kimepigwa Nyamache. Onsare amekufa. Je, unakumbuka nilichokwambia? Mume akifa, mke anavua pete. Nikasema, afadhali, sasa mama yule yuko huru. Nilizitoa zile pete kwenye kopo la grisi, nikaziosha kwa maji safi, nikaenda mazishini. Walimzika kulia kwa nyumba yake, kama inavyotakiwa. Kushoto, pahali pa mke, palikuwa na nyasi tu. Nikawaomba wanawe wanipe nafasi ya kuchimba hapo kishimo kidogo, cha kuzika chuma. Kijana wa yule mke mwingine akaniuliza, "Mzee, hukutosheka na ulichomfanyia baba?" Nikatolewa nje kwa kusukumwa. Mimi, mwenye lori!

Usiku ule niliweka springi mpya, vibanio vya kiwandani, hakuna kipande cha chuma cha Kerubo hata kimoja. Gari likasimama wima. Nikalala usingizi wa mtoto. Asubuhi nikaingia gereji, likawa limeinama upande wa kushoto, kama siku ile.

Kumbe sikuelewa. Nilidhani anamngoja mume. Mume wa nini tena? Anangoja kufikishwa. Nilimpakia mwenyewe, kwa mdomo wangu nikamwambia ingia, na mimi ndiye dereva.

Basi wewe unayenisikiliza hapa, unayetaka kuanzisha kazi ya kufufua vitu vya zamani, mimi nakutakia heri. Ni kazi nzuri kupita zote. Lakini kabla hujatia chuma motoni, usimuulize anayekupa kilitoka wapi. Atakudanganya, naye ana suti. Nenda ukamuulize aliyenyang'anywa, hata kama itabidi umtafute nje ya ua. Na wewe mwingine, uliyemrudisha mke kwao na ng'ombe wako hukuwafuata, mfungulie lango mapema. Usinitwishe mimi.

Ukungu ukishuka Keroka, nafungua gereji mapema kabla ya wafanyakazi wa kinu. Napangusa kioo cha lile gari, kwa maana haifai mama wa watu akae kwenye vumbi. Na kila mara anauliza lile lile, kwa adabu, kama hajawahi kuuliza.

"Tata, tumefika?"

Nami namwambia, "Bado, mama."